Wanaume wa Mlango Mmoja

Mmenisumbua vya kutosha. Tangu nirudi hapa Ngamiani, kila anayepita mbele ya studio anasimama na kuniuliza: "Haya Mwanahamisi, ulikwenda kupiga picha au kulima?" Ni kweli nimerudi nimekonda, kucha zimejaa udongo mwekundu, na viatu vyangu vyeupe vimebaki njia ya Sindeni. Halafu mnaingia ndani, mnaisifu ile picha mpya niliyoitundika ukutani, mnatoka bila kusikiliza. Basi kaeni niwasimulie mara moja tu, nisije nikarudia kwa kila mmoja mpaka sauti ikanikauka.

Habari za nani alinituma na karatasi gani nilitia saini hazina utamu, naziruka. Ofisi moja ya Dar es Salaam ilitaka picha za watu wa mkonge. Mnawajua, wale manamba waliotoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge wa watu. Sasa bei imeanguka, dunia inafunga mizigo yake kwa kamba za nailoni, mashamba yanafungwa na wao wanaambiwa wakaanze upya kwenye vijiji vya ujamaa. "Mtu aonekane hali yake," ndivyo nilivyoagizwa. Nikasema sawa, lakini moyoni sikujua hali ya mtu hupigwaje picha. Tangu baba aniachie studio, kazi yangu ni pazia lenye mchoro wa maua na chemchemi, kitana, na koti la kuazima. Mtu anaingia na shida zake, anavaa koti, anatoka bwana.

Korogwe na Kwashemshi

Treni ilitoka Tanga asubuhi, ikasimama Muheza kwa sababu ambayo hakuna aliyejali kutuambia. Tukanunua machungwa tukala, tukanunua mengine, mpaka behewa zima likanuka maganda. Korogwe nilipokewa na fundi Saidi, rafiki wa marehemu baba, ambaye ana studio yake jirani na stesheni. Akaniangalia mimi, akaangalia sanduku langu la dawa, kamera na miguu yake mitatu, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hawa watu hawana raha ya kupigwa picha sasa. Utarudi na filamu tupu."

"Tutaona, baba mdogo."

Mnanijua. Mtu akiniambia haiwezekani, ndiyo kwanza najifunga kibwebwe.

Nikaanza na Kwashemshi, kwa sababu nilisikia kuna familia zilizotoka kambini zikapanda huko mlimani kwa jamaa zao, zikalima mihogo kwenye vipande vya kuazima. Nilipanda na lori lililokuwa linafuata ndizi. Kufika, sioni mtu. Milango imefungwa, lakini moshi unatoka kwenye mapaa. Bibi mmoja tu alikuwa nje anapepeta mahindi.

"Shikamoo, bibi. Wenyeji wako wapi?"

"Marahaba. Wamekwenda mazishini."

"Pole sana. Nani amefariki?"

"Atajulikana wakirudi."

Ndipo nikaelewa. Ile miguu mitatu ya kamera walidhani ni ya wapima ardhi. Na mtu aliyekwishahamishwa mara moja, akiona mgeni anasimamisha miguu mitatu kwenye mihogo yake, hangoji kuulizwa jina. Sikubishana na bibi. Nilifungua mzigo, nikatoa pazia langu, nikalitundika kati ya migomba miwili. Nikakaa mbele yake juu ya sanduku, nikaanza kujichana nywele zangu taratibu. Mlango mmoja ukafunguka, mwingine ukafunguka, na wafiwa wote wakatoka nje. "Kumbe mpiga picha! Si ungesema!" Wakanawa nyuso, wakabadili nguo, na koti langu likazunguka kwenye mabega ya kila mwanamume wa pale.

Walinilisha ndizi kwa maharage na boga la kuchemsha mpaka nikashindwa kuinuka. Kosa ni kwamba tulikula sote pamoja na hakuna aliyebaki kulinda pazia. Mbuzi wa yule bibi alilivuta, akatafuna maua yote ya upande wa kulia na nusu ya chemchemi. Bibi akamtukana mbuzi kwa Kishambaa, halafu akanicheka mimi kwa Kiswahili. Nililia, siwafichi. Pazia lile alilichora baba kwa mkono wake. Lakini safari ilikuwa bado mbichi. Nilikunja kilichobaki, nikashuka mlima.

Mazinde

Treni ikanishusha Mombo, na kutoka hapo nikapata nafasi juu ya trela la matofali mpaka kambi ya Mazinde. Kama mliwahi kuona shamba la mkonge wakati wa neema yake, msingependa kuliona hili. Mistari imeota magugu kiunoni. Korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, imekaa kimya, kuku wanatagia chini yake. Nyaya ndefu walizokuwa wakianikia singa, zile nyuzi nyeupe, sasa zinaanikiwa nguo za watoto.

Waliokuwepo karibu wote ni wanawake na watoto. Waume zao walitangulia Handeni kufungua kijiji kipya na kujenga, ili familia zifuate kabla kambi haijafungwa. Wengine, hasa waliotoka Kigoma, walikuwa wamekata shauri kurudi kwao moja kwa moja. Lori la kuwapeleka Korogwe kushika treni lingekuja Jumamosi.

Wanawake walikubali picha, isipokuwa mmoja. Jina lake Tereza. Mrefu, mkavu, ana sauti ya chini inayokulazimisha umsogelee. Alikuwa amekaa kizingitini anachambua mabaki ya singa asokote kamba za kuuza.

"Mimi niache," alisema. "Kampige mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Handeni. Anasema amejenga."

"Anasema!" akadakia jirani yake, Mama Hadija, mwanamke mnene mwenye mdomo usiopoa. "Wote wanasema."

Tereza akaweka singa chini. "Dada, nikueleze usinicheke. Jervasi ananitumia salamu kila lori likija: njoo, nyumba tayari. Watu haohao wanaoleta salamu wananiambia pembeni kwamba kapata mwanamke wa Kizigua, ndiye anayempikia. Sasa nimwamini nani? Kaka yangu anarudi Kasulu Jumamosi, ameshanifungia mzigo. Nikipanda lile lori nimekwenda. Kasulu si mahali pa kwenda na kurudi."

"Nikamwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Maneno ninayo mengi. Niletee picha. Asimame mbele ya nyumba yake, mzima, na chini paonekane vizuri. Usimkate miguu."

Nilidhani ni lile la siku zote. Hakuna mteja anayependa picha iliyomkata miguu, wanasema umewafanya vilema. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, miguu itakuwepo. Wanawake wengine waliposikia, kila mmoja akaja na jina la mume wake, nao wanataka kuona nyumba. Nami bila kufikiri nikasema kwa sauti kwamba kabla ya lori la Jumamosi nitakuwa nimerudi.

Mama Hadija akapiga kofi la mshangao. "Wewe wa Tanga, barabara ya Handeni unaijua?"

Sikuijua. Nikasema naijua.

Kabla sijaondoka Tereza alikubali nimpige, kwa sharti asiondoke alipokaa. Hakuvaa koti wala hakuchana nywele. Fungu la singa mapajani, vidole vimechanika kwa miiba ya miaka, macho yananitazama kama anayenidai jibu. Pazia halikuwepo, na kwa mara ya kwanza sikulikumbuka.

Njia ya Sindeni

Nikarudi Korogwe. Basi la Handeni lilikuwa limeharibika, na kila niliyemwuliza lini litapona aliniambia "kesho" kwa uso mchangamfu. Sikuwa na kesho nyingi. Nikapata lori lililobeba unga wa njano, ule wa kutoka nje tunaouita yanga mwaka huu wa njaa, likipeleka chakula cha vijijini. Dereva aliniweka juu ya magunia pamoja na wasafiri wengine, tukavuka mto Pangani tukiimba.

Kuimba kuliisha mvua ilipoanza. Mnakumbuka tulivyolia mvua haiji? Ilikuja siku hiyo yote kwa pamoja. Kabla ya Sindeni lori likazama mpaka ekseli. Tukashuka tukasukuma, tukakata matawi tukatandika, tukasukuma tena. Viatu vyangu vyeupe viliingia kwenye tope mguu mmoja baada ya mwingine, na havikutoka. Nilivitafuta kwa mikono, nikatoka na chura. Dereva akasema tungoje udongo ukauke.

"Ukauke lini?"

"Dada, mimi ni dereva, si jua."

Nilitembea peku mpaka nyumba za karibu, sanduku kichwani, kamera kifuani. Wenyeji walinipokea vizuri kupita kiasi. Mama mwenye nyumba akanitandikia mkeka, akaniletea bada, yaani ugali wa muhogo, na mlenda unaovutika mpaka kidevuni. Nilipomaliza kula nikanyanyua kichwa, naona watu wamepanga mstari uani. Mmoja ana jicho jekundu, mmoja kashika tumbo, mmoja kabeba mtoto mwenye homa. Kumbe mtu alichungulia sanduku langu akaona chupa, na habari zikasambaa kwamba bibi daktari amefika.

"Hizi ni dawa za kusafishia picha," nikawaeleza. "Ukinywa hii unakufa."

Mzee mwenye jicho akanitazama kwa makini. "Sasa dawa ya kuua watu unatembea nayo ya nini?"

"Si ya kuua watu, mzee. Ni ya picha."

"Picha nayo inaumwa?"

Nikaosha lile jicho kwa maji ya moto na chumvi, mtoto nikawashauri wampeleke zahanati mara barabara ikipitika, mwenye tumbo nikampa pole. Wakanishukuru wote, na mzee akasema mimi ni daktari mzuri ila nina kiburi. Jua lilipotoka tukarudi kulisukuma lori, nao wakaja kutusaidia, mwenye jicho akiwa mbele.

Kijiji kisicho na jina

Kijiji kipya kilikuwa mbele ya Sindeni, mahali ambapo hata jina lilikuwa bado linabishaniwa. Msitu umefyekwa, visiki vinafuka moshi, mahindi mabichi yameota katikati ya magogo. Mwenyekiti, Mzee Mhina, Mzigua wa hapohapo, alinikaribisha kwa maneno mazuri mno kuhusu kujitegemea. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikaomba kuona nyumba za watu wa Mazinde.

Akakohoa.

Nyumba zilikuwepo, lakini nyingi zilikuwa nguzo. Walikuwa wanajenga kwa zamu, wote pamoja nyumba moja, kisha wanahamia nyingine. Walikuwa wameanza na ghala, wakajenga ya mwenyekiti, halafu mvua ikanukia na kila mtu akaitwa shamba la pamoja kupanda. Nyumba iliyokamilika kwa mlango wa mbao, uliopakwa rangi ya buluu, ilikuwa moja tu.

Jervasi alikuja kunisalimu mikono imejaa udongo mpaka kiwiko. Mfupi, mabega mapana, anacheka kabla hujamaliza kusema. Nilipomtaja Tereza aliacha kucheka.

"Mzima? Anakuja?"

"Anataka picha yako mbele ya nyumba yako."

Akageuka kutazama nguzo zake. Kisha akatazama ule mlango wa buluu kule juu, na wenzake wakautazama pia. Sikuhitaji kuambiwa. Mmoja akasema, "Dada, wewe si una studio? Studioni watu hupigwa mbele ya chemchemi. Nani aliwahi kuuliza kama chemchemi ni yake?"

Jamani, pazia langu lilikuwa tumboni mwa mbuzi, na watu wazima wamesimama mbele yangu wanaomba mlango. Nikasema haya, twendeni. Wakaoga, wakavaa koti langu kwa zamu, wakasimama mmoja mmoja mbele ya mlango wa Mzee Mhina, kifua mbele, mikono imenyooka. Mke wa mwenyekiti alikuwa na chungu motoni pembeni mwa mlango, na kanga zake zimeanikwa kwenye kamba. Nilimwomba asogeze chungu.

"Kunde zangu hazijaiva," akasema. "Piga na kunde."

Nami nilikuwa nimeahidi kutomkata mtu miguu, kwa hiyo chini pote pakaingia, mafiga, chungu na kunde.

Lakini sikuridhika. Msiniulize kwa nini, labda ni yale macho ya Tereza. Nikamfuata Jervasi kwenye nguzo zake. Alikuwa amekwisha kuvua koti na kurudi kazini, anakandika ukuta mmoja kwa mikono. Ukuta wa pili ulikuwa fito tupu, na paa lilikuwa mbingu. Nikamwambia nampiga hapo pia. Akakataa. Nikamwambia hii ni ya ofisi, nimetumwa nionyeshe hali ya mtu, na siondoki. Nilisimamisha miguu mitatu kwenye tope, nikangoja. Alipoona nakaa kweli, alinitazama huku mkono uko ukutani, nikabonyeza.

"Hiyo Tereza asiione," akasema. "Nakuomba sana. Akiona sina hata paa, atapanda lile lori."

Nilikuwa nimechoka, nataka chai. Pembeni mwa nguzo zake palikuwa na mawe matatu mazuri, yanalingana, yamekusanywa pamoja na kufunikwa jani la mgomba. Nikayachukua niyapange nichemshe maji. Yule mtu mcheshi alirukia mawe akaninyang'anya mkononi, karibu aniangushe.

"Hayo usiyapange!"

"Mawe tu haya, shemeji!"

"Nimekwambia usiyapange."

Akayarudisha mahali pake, akayafunika tena. Nilikasirika, nikaona mtu huyu ni mchoyo wa ajabu, mawe yamejaa kijiji kizima. Nikaenda kula na wale wanaume kwenye sufuria lao la pamoja, ambalo hupikwa kwa zamu na mtu ambaye hajui kupika. Yanga ilikuwa mbichi katikati na imeungua chini. Jervasi akaja na sahani yake, akakaa mbali nami, akala kama wenzake.

Korogwe tena

Siwaelezi njia ya kurudi. Niliitembea zaidi kuliko kuipanda, na pale Sindeni yule mzee wa jicho alinisimamisha kunionyesha kwamba limepona. Nilifika Korogwe mchana wa Ijumaa, miguu imevimba. Fundi Saidi alifungua mdomo aniambie alivyoniambia, nikamwomba anifungulie chumba cha giza kwanza.

Maji ya bomba yalikuwa mekundu kwa sababu mto umejaa. Picha ukiisuuza kwa maji yale inatoka na madoa, mtu anaonekana ana ndui. Tulikinga maji ya mvua kwenye mabati ya jirani, tukayachuja kwa kanga yangu, tukayachuja tena. Fundi Saidi alilalamika mwanzo hadi mwisho na hakuacha kufanya kazi hata kidogo. Picha za mlangoni zilipoanza kutokea kwenye sinia akasema, "Mashallah, wote hawa wana nyumba nzuri." Ilipotokea ile ya nguzo akaishika kwa pembe mbili, akaisogeza kwenye taa nyekundu. "Hii ungempelekea baba yako angefurahi," akasema, na mimi ikabidi nijifanye moshi wa taa umeniingia machoni, wakati taa yenyewe ni ya umeme.

Jumamosi asubuhi zilikuwa bado mbichi. Nikazianika kwenye kamba ndani ya behewa, kutoka dirisha mpaka dirisha, nikazilinda kama mama wa vifaranga. Abiria wakasimama kuzitazama. Mmoja mwenye kofia akazifuata zote kwa kidole, kisha akauliza, "Samahani dada, huyu mwenye mlango ana ndugu wangapi?"

Behewa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona sasa kitu ambacho sikukiona kule.

Lori la Kigoma

Kutoka Mombo nilikimbia, nikadandia, nikakimbia tena. Lori lilikuwa limekwisha kufika kambini, injini inanguruma, watu wanarusha mizigo juu. Kaka yake Tereza alikuwa juu anapokea. Tereza amesimama chini na furushi lake, kanga mpya, viatu mkononi. Aliponiona akaweka furushi chini.

Nikampa picha ya mlango. Nilitegemea atamtazama mumewe usoni. Wapi! Jicho lilikwenda chini moja kwa moja, kwenye kona, likakaa hapo.

"Nani kapanga mafiga haya?" akauliza.

"Mafiga gani?"

"Haya. Kwetu mwanamume anajenga, anakandika, anaezeka. Mafiga hayagusi. Mke akifika ndiye anayapanga kwa mkono wake, na mpaka hapo ile si nyumba. Haya yamepangwa. Chungu kinachemka. Na kanga hizi si zangu."

Akanirudishia picha kwa adabu kabisa. "Ahsante, dada. Umetembea sana kwa ajili yangu. Nimeona." Akainama akachukua furushi, akaenda kwenye lori.

"Tereza, ile si nyumba yake! Ni ya mwenyekiti!"

"Usimsetiri."

Wakati huohuo nyuma yangu Mama Hadija alikuwa amepokea ya kwake, na mwenzake ya kwake, wameziweka pamoja. Nikasikia ukelele. "He! Mbona mume wangu yuko kwenye mlango wa mume wako?" "Wako? Huu wa kwangu!" "Na huyu je? Na huyu?" Wakazitandika zote juu ya mkeka. "Wanaume wote hawa mlango mmoja! Wameolewa nao?" Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu, wengine walitukana kwa makabila yao, na Mama Hadija alikuwa anafanya yote mawili.

Tereza alisimama, mguu mmoja juu ya gurudumu. Alitazama mkeka ule kwa muda. Halafu akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini, "Basi ya kwake iko wapi? Na kama hana nyumba, anakula kwa nani?"

Nikamkumbuka Jervasi alivyoniomba. Nikamwambia moyoni anisamehe, maana siku hiyo nilikuwa nimechoka na milango. Nikafungua mkoba nikatoa ile ya pili.

"Iko hapa. Anakula kwenye sufuria la wanaume, na chakula chenyewe Mungu anajua. Nimekila."

Aliishika kwa mikono miwili. Mtu ana udongo mpaka kiwiko, shati limepasuka begani, ukuta mmoja, fito tupu, hakuna paa. Kaka yake akapiga bodi ya lori kwa kiganja: "Tereza! Panda, treni haitatungoja!" Hakugeuka. Kidole chake kilishuka polepole mpaka chini, pembeni mwa nguzo, kikagota.

"Na haya, chini ya jani?"

"Hayo usinikumbushe! Mawe matatu tu, nilitaka kuyapanga nichemshe chai, mume wako akanirukia akaninyang'anya. Sijaona mtu mchoyo wa mawe kama yeye."

Nilishangaa ananikodolea macho. Halafu alianza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea gurudumu, akafunika uso kwa kanga, na mabega yake yakaendelea kutikisika muda mrefu baada ya kicheko kwisha. Nami ndipo nikaelewa nilichotaka kukifanya kule kwa ajili ya kikombe cha chai, nikajiona mjinga wa mwisho.

"Tereza!" kaka yake akaita tena.

Akafuta uso. "Nirushie ule mzigo wangu mwingine, kaka. Ushushe."

"Unakwenda wapi? Mtu mwenyewe hana hata paa!"

"Ndiyo. Mwambie mama hana paa. Halafu mwambie mafiga yangu hayajapangwa, ananingoja mimi."

Kaka yake akashusha mzigo kwa mikono yake mwenyewe, hakuurusha. Wakaagana kwa Kiha, sikuelewa kitu, na lori likaondoka. Mama Hadija alikuwa bado anamtukana mumewe, lakini jioni ileile nilimwona anafunga vyombo. Aliniambia anakwenda Handeni kuuvunja ule mlango.

Ofisi ya Dar es Salaam nimewapelekea picha zote, isipokuwa ile ya nguzo. Tereza aliondoka nayo ndani ya kanga. Alisema atamwonyesha Jervasi kabla hata hajamsalimia. Ile ya mlango wa buluu aliniachia, akasema haina kazi. Ndiyo hiyo hapo ukutani, mnayoisifu kila mkipita, kwamba bwana huyu ana nyumba nzuri. Nyumba yake hamjaiona.